Darasa la Mkao na Misuli ya Nyonga, Kisasa Dodoma: Kinacholipiwa ni Kupimwa

Kwa mwanamke wa Dodoma ambaye mkojo humponyoka anapokohoa, anapocheka au anaponyanyua ndoo, ipo huduma ya mazoezi inayotolewa katika kituo kidogo cha fiziotherapia kilichopo Kisasa. Hukumu yangu baada ya kuitumia kwa miezi kadhaa ni kwamba huduma hiyo inastahili fedha yake, mradi uanzie katika chumba cha kupimwa na si katika ukumbi wa mazoezi. Jina la kituo naliacha kwa makusudi, kwa kuwa ninayo malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe, na kwa kuwa vigezo nilivyotumia vinaweza kumsaidia msomaji kuipima huduma ya aina hii popote atakapoikuta, iwe katika hospitali ya serikali au kwa mtu binafsi.

Huduma yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kikao cha mtu mmoja na mtaalamu, ambacho huchukua karibu saa nzima na hulipiwa shilingi 30,000. Ya pili ni darasa la kundi linalofanyika Jumamosi asubuhi, kwa shilingi 10,000 kila unapohudhuria. Bima hawapokei, na malipo hufanywa kwa fedha taslimu au kwa simu. Wanaohudhuria ni mchanganyiko wa watu ambao kwa kawaida usingewakuta kwenye mkeka mmoja: watumishi wa Mji wa Serikali wa Mtumba wanaoshinda kitini, wauzaji wa soko la Majengo, mama wanaonyonyesha, na bibi wachache wanaosindikizwa na binti zao. Mtaalamu anayepima na kufundisha ni dada kijana ambaye ukumbi mzima humwita “dokta”, naye inaelekea amekwisha kuchoka kukanusha.

Kikao cha kwanza huanza na maelezo, na maelezo hayo ni mazuri kuliko yale niliyowahi kuyapata katika kliniki ya wajawazito wakati wa mimba zangu zote. Mezani kuna mfano wa plastiki wa mifupa ya nyonga, na dada huyo huonyesha kwa kidole jinsi misuli ya sakafu ya nyonga inavyotoka kwenye mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma, ikiwa imewambwa chini ya viungo vya ndani kama kamba za kitanda, huku ikiacha nafasi ya kupitisha mrija wa mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Misuli hiyo ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, na ndiyo inayosaidia kufunga njia hizo pale shinikizo la tumbo linapopanda ghafla. Ujauzito huilemea, kujifungua kwa njia ya kawaida huivuta kupita kiasi na wakati mwingine huichana, na baada ya hapo huzidishiwa mzigo na kikohozi cha muda mrefu, uzito mkubwa wa mwili, kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, na kupungua kwa homoni baada ya ukomo wa hedhi. Kwa hiyo mama wa watoto watano na binti aliyejifungua mara moja kwa shida wanaweza kukaa benchi moja wakiwa na tatizo lilelile.

Baada ya maelezo ndipo hufuata kupimwa, na hapa ndipo penye thamani yote ya huduma hii. Mtaalamu huomba ridhaa kwanza, tena kwa maneno yanayoeleweka, akieleza kwamba atavaa glavu na kupima kwa kidole ukeni ili ahisi kama misuli inabana, inapanda na inaachia. Asiyetaka kupimwa hivyo halazimishwi. Huangaliwa kwa nje, au huombwa aketi juu ya taulo lililokunjwa kwenye kiti cha mbao ili asikie mwenyewe kama sehemu iliyo kati ya njia zake mbili inanyanyuka au inasukumwa chini. Maelekezo yake ni mafupi: zuia hewa isitoke, kisha zuia mkojo, kisha vuta vyote juu ndani, na uendelee kupumua. Ukisikia makalio yameinuka kitini, umebana yasiyohusika. Ukisikia pumzi imekwama kooni, umekosea. Bibi mmoja kutoka Mvumi, ambaye baadaye alitusimulia mwenyewe darasani bila haya yoyote, alimwambia, “Mwanangu, mimi hapa nabana mpaka meno,” naye dada akamjibu, “Meno uyaachie, bibi, tunataka ya huku chini peke yake.”

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, lakini jambo lenyewe ni zito. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 47 waliokuwa wamepewa maelekezo mafupi ya mdomo tu kuhusu namna ya kubana misuli hii. 23 kati yao waliweza kubana ipasavyo, ilhali 12 walikuwa wakifanya kitendo ambacho kingeweza kuzidisha tatizo, kwa kuwa walisukuma badala ya kuvuta. Hata Arnold Kegel, daktari wa Marekani ambaye jina lake ndilo limebaki kwenye mazoezi haya, alipochapisha kazi yake mwaka 1948 hakuwa akiwaambia wanawake wabane tu na kwenda zao. Alitumia kifaa kilichoingizwa ukeni na kuunganishwa na saa ya kuonyesha shinikizo, ili mwanamke aone kwa macho kama juhudi yake inazaa kitu. Yaliyotufikia sisi kupitia simu na makundi ya mitandao ni nusu ya pili ya kazi hiyo, yaani kubana, huku nusu ya kwanza, yaani kupima, ikiwa imedondoka njiani. Mwongozo wa afya wa Uingereza nao unataka misuli ipimwe kabla mazoezi hayajaanza, kisha mwanamke afanye mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, chini ya usimamizi, kwa muda usiopungua miezi 3. Kituo cha Kisasa kinafuata hesabu hiyohiyo, na hilo lilinipa imani kwamba aliyeandaa programu hakuiokota hewani.

Jambo jingine ambalo nisingelijua bila kupimwa ni kwamba kuachia ni nusu ya zoezi. Wapo wanawake ambao misuli yao haikulegea, bali imekakamaa muda wote, nao hupata maumivu wakati wa tendo la ndoa, hupata shida kuanzisha mkojo au hukaa chooni muda mrefu bila mafanikio. Mwanamke wa namna hiyo akiambiwa abane zaidi anaongezewa maradhi. Dada hutumia muda mrefu kufundisha pumzi: unapovuta hewa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hushuka, na sakafu ya nyonga nayo hushuka kidogo; unapoitoa, vyote viwili hupanda. Zoezi la kubana hupangwa pamoja na kutoa pumzi, na baada ya kila mbano hupewa muda wa kutosha wa kulegeza, hata kama wenye haraka wanaona wanapotezewa Jumamosi yao. Mibano ya taratibu ya kushikilia kwa sekunde kadhaa huchanganywa na ya haraka haraka, kwa sababu misuli hiyo ina kazi mbili, ya kubeba kutwa nzima na ya kuwahi pale chafya inapokuja bila hodi. Anatahadharisha pia dhidi ya mazoea ya kukatisha mkojo chooni kila siku kwa jina la mazoezi. Kujaribu mara moja ili kuitambua misuli si kosa, lakini kulifanya kuwa desturi huweza kukizuia kibofu kumaliza kazi yake.

Sehemu ya mkao ndiyo niliyoitarajia kidogo na ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu haikuchukuliwa kutoka katika mabango ya wanawake wa ng'ambo waliolala juu ya mipira. Tulianza na kiti cha ofisi. Utafiti uliofanywa Australia na kutolewa mwaka 2006, kwa wanawake waliokwisha kuzaa, ulionyesha kwamba misuli ya sakafu ya nyonga hufanya kazi zaidi mtu anapoketi wima bila kuegemea kuliko anapojikunja mgongo. Dada hakututajia utafiti huo, lakini zoezi lake lilitufanya tuusikie mwilini. Unajikunja kitini, unabana na kukadiria nguvu unayoipata, kisha unakaa juu ya mifupa ya makalio, uti wa mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa, na unabana tena. Wengi wetu tulisikia tofauti papo hapo.

Kutoka kitini tulihamia kwenye kazi za nyumbani. Alileta fagio fupi la njukuti na kumtaka kila mmoja afagie kama anavyofagia uani kwake, na karibu wote tuliinamia kiunoni, magoti yamenyooka, pumzi imefungwa. Hakutukataza fagio fupi, jambo ambalo lisingefuatwa na mtu yeyote, bali alitufundisha kutanguliza mguu mmoja, kulegeza magoti na kubadilisha upande kila baada ya muda. Mama anayembeba mtoto ubavuni alielekezwa asiisukume nyonga nje upande uleule kutwa nzima. Kisha ikaja ndoo ya lita 20, ambayo kwa maji tu ina kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Aliijaza nusu, akatufundisha kuisogelea kwanza, kuchuchumaa, kubana sakafu ya nyonga, na kunyanyua huku tukitoa pumzi, badala ya ile desturi ya kuvuta hewa, kuifunga na kunyanyua kwa nguvu ya tumbo, ambayo huelekeza shinikizo lote chini. Yule bibi wa Mvumi alisema kwamba ndoo ikishafika kichwani haimsumbui kamwe, shida ni pale inapotoka ardhini na pale inapotuliwa, na mwalimu alikubaliana naye moja kwa moja. Nilipenda kwamba darasa hili linamruhusu mwanafunzi kujua jambo.

Mbinu ya kubana kabla ya chafya au kikohozi nayo ilifundishwa kwa kina. Watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha mwaka 1998 kwamba wanawake wenye umri mkubwa waliojifunza mbinu hiyo kwa wiki moja tu walipunguza mkojo uliowaponyoka walipokohoa, muda ambao ni mfupi mno kwa misuli kuwa imeongezeka nguvu. Maana yake faida ya awali hutokana na kuwahi. Kwa mtu anayeishi katika upepo na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane na wa tisa, hili ni somo la kufanyia kazi siku ileile.

Pamoja na uzuri wake, sehemu hiyo ya mkao imetangazwa kupita inavyostahili. Ukutani pa mapokezi kuna bango linalosema kwamba mkao sahihi huondoa tatizo la mkojo na kurudisha kizazi mahali pake. Mkao hupunguza mzigo na kuipa misuli nafasi nzuri ya kufanya kazi, lakini haujapata kuwa tiba peke yake, na mwanamke ambaye kizazi chake kimeshuka hadi kuonekana nje anahitaji daktari wa magonjwa ya wanawake, si kunyoosha mgongo. Mazoezi yanaweza kupunguza dalili pale ambapo kizazi kimeshuka kidogo, na dada mwenyewe husema hivyo akiulizwa. Bango linasema lake. Nimemweleza msimamizi, akaniambia kwamba liliandaliwa na watu wa matangazo.

Malalamiko yangu makubwa ni mengine. La kwanza ni kwamba darasa la Jumamosi linapokea yeyote mwenye shilingi 10,000 mkononi, awe amepimwa au hajapimwa. Nimewahi kulala mkeka wa jirani na dada aliyekuja mara ya kwanza, akawa anabana kwa nguvu zake zote huku tumbo likimtoka nje, dalili ya wazi kwamba alikuwa anasukuma, na mwalimu mmoja mbele ya watu wote wale hakuweza kumwona. Kituo kinachojua thamani ya kupima kwa kiwango hiki hakina udhuru wa kuuza mazoezi bila kipimo. Ama kifute utaratibu huo, ama kiwape wageni dakika chache za kuangaliwa pembeni kabla hawajatandika mikeka.

La pili ni choo, na hapa naomba msomaji avumilie. Hii ni huduma ya wanawake wasioweza kuzuia mkojo, na choo kipo ng'ambo ya ua, kimefungwa kufuli, na ufunguo wake hukaa mapokezi ukiwa umefungiwa kwenye kipande cha mti kirefu kama mkono ili usipotee. Mwanamke aliyebanwa katikati ya darasa hulazimika kuvaa viatu, kwenda mapokezi, kuomba ufunguo mbele ya watu, kuvuka ua na kupambana na kufuli. Sijui ni nani aliyepanga utaratibu huo, lakini naamini hajapata kuzaa.

Faragha ya chumba cha kupimwa nayo hairidhishi. Kinachokitenga na benchi la kusubiria ni pazia tu, na kwenye benchi hilo hukaa pia wanaume waliokuja kwa matatizo ya magoti na wagonjwa wa kiharusi pamoja na ndugu zao. Mtaalamu hushusha sauti, lakini mgonjwa mwenye aibu hushusha yake zaidi, na majibu mengine muhimu hupotea hapo. Karatasi ya mazoezi unayopewa kwenda nayo nyumbani ni fotokopi ya Kiingereza yenye michoro iliyofifia. Bibi wa Mvumi aliikunja vizuri akaiweka kwenye kitenge, na binti yake aliniambia kwamba wanafanya kwa kukumbuka tu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye michoro inayosomeka ungekuwa na faida kubwa kuliko bango la mapokezi.

Kwa upande mwingine, nimeheshimu jinsi mwalimu anavyoshughulikia maswali ya shabu na dawa za kubana uke zinazouzwa mitaani. Mtu huuliza karibu kila Jumamosi, kwa kawaida mwishoni, kwa sauti ya chini. Jibu lake halina dharau: shabu hukausha na kukaza ngozi laini kwa muda mfupi, huweza kuikwaruza na kuiwasha, na haigusi misuli iliyotuleta pale. Wanaouliza kwa ajili ya waume zao huwaambia kwamba misuli iliyozoezwa inaweza kuongeza hisia, lakini hatoi ahadi ya ndoa kwenye darasa la mkojo, na mimi naona amefanya vyema kutoitoa.

Kuhusu matokeo, mabadiliko ya kwanza niliyaona katika chafya na ndoo, kisha yakafuata ya kutembea kwa haraka. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimeacha kubeba pedi ya akiba kwenye mkoba ninapopanda daladala ya Mtumba. Haja ya ghafla ya kukimbilia chooni imepungua kwa kiasi kidogo tu, na niliambiwa mapema kwamba hali hiyo huhitaji pia mafunzo ya kibofu, yaani kuongeza taratibu muda kati ya safari moja ya chooni na nyingine, pamoja na kupunguza chai na kahawa. Chai nimepunguza nusu.

Wapo ambao hawapaswi kuanzia hapa hata kidogo. Anayevujwa na mkojo mfululizo usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na fistula haizibwi kwa mazoezi. Huyo apelekwe hospitali ya rufaa, na ajue kwamba hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo. Vivyo hivyo anayeona damu kwenye mkojo, anayesikia kuungua anapokojoa, au aliyekufa ganzi sehemu za siri, amwone daktari kwanza. Wajawazito wanapokelewa, na waliojifungua karibuni hushauriwa kuanza taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliochanika au kufanyiwa upasuaji waje na maelekezo ya aliyewahudumia.

Anayepiga simu kuomba nafasi aulize mambo mawili: kama mtaalamu mwenyewe atakuwepo siku hiyo, kwa kuwa msaidizi wake huendesha darasa lakini hapimi, na kama kikao cha kwanza kinaweza kupangwa asubuhi siku ya kazi, wakati benchi la nje likiwa tupu. Nafasi hizo huwahi kujaa, na mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, hupatikana kwa shida. Avae suruali nyepesi au kitenge juu ya taiti, aje na taulo lake, na apitie chooni mapema, watu wa mapokezi wakiwa bado hawajawa na foleni ya ufunguo.